Maliza Kwanza Mchicha!

Mama mjamzito akila kitunguu saumu, harufu yake huingia kwenye maji ya chupa ya uzazi, na mtoto aliyemo humo huyameza. Mazoea ya kula, basi, huanza kabla mtu hajaona jua. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha utafiti cha Monell, Philadelphia, walichapisha jaribio lililolithibitisha hilo. Kundi moja la wanawake lilikunywa mililita 300 za juisi ya karoti siku nne kwa wiki, kwa wiki tatu, mimba zikiwa zimekomaa. Kundi jingine lilifanya hivyo wakati wa kunyonyesha. La tatu lilikunywa maji tu. Watoto walipoanza kulishwa, walipewa uji uliokorogwa kwa juisi ya karoti. Waliokwisha kuionja tumboni au kwenye maziwa ya mama hawakukunja uso kama wenzao.

Halafu mtoto anatimiza miaka miwili na kila kitu kinavurugika. Bamia aliyoila wiki iliyopita leo anaitema. Wala si ujeuri: kati ya miaka miwili na sita, watoto wengi hukihofia chakula wasichokizoea. Mzazi akikataliwa mara mbili tatu husema "huyu wangu hali mboga", na mboga haiwekwi tena kwenye sahani yake. Huko London, utafiti wa Jane Wardle na wenzake wa mwaka 2003 uliwataka wazazi wamwonjeshe mtoto mboga ileile, kidogo tu, kwa siku 14 mfululizo. Walioonjeshwa waliipenda na kuila zaidi. Wazazi wengine walipewa kipeperushi cha ushauri wa lishe, nacho hakikufua dafu.

Ila kuonjesha si kushindilia. Mwaka 2006 Amy Galloway na wenzake, Marekani, walieleza walivyowapa watoto wadogo supu za aina mbili. Moja iliandamana na agizo la kuimaliza. Nyingine haikusemewa neno. Isiyosemewa ndiyo iliyoliwa zaidi, na ile ya agizo ikaambulia malalamiko. Sasa fikiria soda anayoahidiwa mtoto akimaliza mchicha: hapo ameshaambiwa kipi kitamu na kipi adhabu.

Kuna mahali ambapo mzazi huamua hata kabla ya chakula kufika jikoni. Viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa, vina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Viazi vyeupe karibu havina. Watoto huvipenda viazi lishe kwa ulaini wake. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki, kinyume chake, wanataka kiazi kikavu chenye unga, na wao ndio wanaochagua mbegu za kupanda. Ndiyo maana watafiti wa mbegu, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, aliyetunukiwa World Food Prize mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu, walitafuta viazi lishe vyenye unga wa kutosha kumridhisha baba na mama, ili vimfikie mtoto.