WAFALME WA GITAA NA CHUPA: ALBAMU YA WANYORE ILIYOHAKIKIWA NUSU

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika makala haya nitaeleza jinsi methali hiyo ilivyotimia kwa wanamuziki watatu wa kwetu magharibi, na pia jinsi ilivyotimia nusu tu.

Wanamuziki hao ni Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, wote kutoka Bunyore. Kikundi chao kiliitwa Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari. Mwaka wa 1992 ilitoka albamu yao Nursery Boys Go Ahead!, waliyoirekodi Uingereza. Ukienda kwenye steji ya boda boda hapa Matungu uulize kijana yeyote kama ameisikia, atakutazama tu. Ukimuuliza juu ya wanamuziki wa Nigeria atakutajia kumi bila kupumua. Sasa basi, ilikuwaje watu wa mbali wakaipokea albamu hii kwa mikono miwili, ilhali sisi majirani hatuijui? Na je, hao waliopokea waliielewa? Hayo ndiyo nitakayoyajibu.

ALBAMU NI KITU GANI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Zamani wanamuziki wetu wengi walitoa santuri ndogo. Santuri hiyo ilizunguka mara 45 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Albamu ni nyimbo nyingi zinazotoka pamoja chini ya jina moja na jalada moja. Kwa lugha ya chama chetu, santuri ndogo ni kama shairi moja lililochapishwa gazetini, na albamu ni diwani nzima.

Albamu nazo ziko za namna mbili hasa. Kuna ya mkusanyo, ambayo huokota nyimbo za zamani zilizotawanyika. Kuna pia ya studio, ambayo wanamuziki huingia chumba cha kurekodia wakaitengeneza upya tangu mwanzo. Abana ba Nasery wana zote mbili. Ya mkusanyo ilitoka mwaka wa 1989, na ya studio ndiyo hiyo ya 1992. Ukitaka kumhukumu mtu kwa haki, lazima uzijue zote.

GITAA LILIKUJAJE KWETU?

Wazee husimulia kwamba gitaa lilienea sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Kiafrika waliporudi makwao. Halafu katika miaka ya 50 wakasikika wapigaji wa Kongo kama Jean Bosco Mwenda na Edward Masengo, na vijana wengi wa Kenya wakawaiga.

Lakini Waluhya hawakuiga tu. Walilichukua gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, wakalitia mapigo ya kwao. Mtindo huo ukaitwa omutibo. Katika omutibo kidole gumba hushika nyuzi nene na kupiga mwendo usiobadilika, kama miguu ya mtu anayetembea. Wakati huo huo kidole cha shahada hutembea kwenye nyuzi nyembamba kikiimba wimbo. Mtu mmoja anasikika kama watu wawili! Aliyevuma sana kwa mtindo huu ni George Mukabi wa Kisa, aliyeimba Sengula kwa Kiswahili. Alifariki mwaka wa 1963, lakini omutibo haukufa pamoja naye.

Abana ba Nasery walianza katika miaka hiyo ya 60, wakati Bunyore ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kakamega. Walichofanya ni kuutoa omutibo kwa mtu mmoja na kuufanya kazi ya kikundi. Tube na Osala walipiga magitaa mawili, na wote watatu waliimba kwa sauti zinazopandana. Je, Okola alipiga ngoma gani? Hakupiga ngoma. Alipiga chupa ya Fanta! Zile chupa za kioo za zamani zilikuwa na mistari ubavuni, na ukiikwaruza kwa mpangilio inatoa mlio wa kuchekesha na wa kuchezesha. Ndiyo maana albamu ya 1992 ikawaita wafalme wa gitaa na chupa wa Kenya.

WALIFIKAJE UINGEREZA?

Huko Uingereza kulikuwa na kampuni ya GlobeStyle, iliyoanzishwa mwaka wa 1985 na Ben Mandelson na Roger Armstrong. Hii ilikuwa kampuni huru. Kampuni huru ni ile ndogo isiyo chini ya yale makampuni makubwa ya muziki. Kampuni kubwa hutaka wimbo utakaouzwa mamilioni, na wimbo usiotarajiwa kufika huko hutupwa nje. Kampuni huru haina pesa nyingi, lakini inaweza kuthubutu. Inaweza kuchapisha gitaa na chupa kutoka Bunyore hata kama wanunuzi ni wachache.

Shida yao ilikuwa dukani. Mwenye duka anaiweka wapi santuri ya Kinyore? Si rock, si jazz, wala si nyimbo za kanisani. Basi mwezi wa Juni 1987 watu wa kampuni hizo ndogo, GlobeStyle wakiwemo, walikutana katika baa moja ya London wakakubaliana kutumia jina moja madukani: muziki wa dunia. Jina hilo lilisaidia kuuza, lakini mimi linanichekesha. Kwani huo mwingine ni muziki wa mwezini? Tena liliweka kwenye rafu moja watu wasiojuana kabisa, mradi tu hawakuimba kwa Kiingereza.

Kwenye rafu hiyo ndipo mkusanyo wa 1989 ulipowekwa. Ulaya ikauchangamkia. Mwaka wa 1991 watatu hao wakaalikwa Uingereza kupiga muziki, na safari hiyo ikazaa albamu ya studio. Humo waliungana na wageni. Miongoni mwao walikuwa Ron Kavana, mwanamuziki wa Ireland, na watu wa Oyster Band, bendi ya Kiingereza inayochanganya rock na nyimbo za jadi za kwao. Walikuwepo pia watu wa 3 Mustaphas 3, bendi ya London ambayo wanachama wake walijifanya ati wote ni ndugu waliotoka kijiji kimoja cha Ulaya mashariki. Huyo Mandelson wa GlobeStyle alikuwa mmoja wao.

WAHAKIKI WALIONA NINI?

Mhakiki wa muziki ana kazi sawa na yetu darasani. Anatazama fani na maudhui. Fani ni namna wimbo ulivyojengwa, kwa mfano sauti, ala, mapigo na kibwagizo. Maudhui ni yale yanayosemwa.

Kwa upande wa fani, Abana ba Nasery walipata haki yao. Doug Paterson, ambaye ameandika mengi kuhusu muziki wa Kenya, amewataja kuwa wavumbuzi. Ameonyesha kwamba katika nyimbo zao za zamani gitaa la pili lilikuwa tayari linapiga vipande ambavyo vingefaa kabisa katika benga na rumba zilizokuja baadaye. Hilo si jambo dogo. Maana yake ni kwamba watu watatu na chupa walikuwa wameonja muziki wa kesho.

Nakubaliana naye, tena nina ushahidi wangu. Katika kikao kimoja cha chama mwalimu mlezi alituchezea nyimbo zao za zamani kwa simu. Mwanzoni wengine walinong'ona, "Hii ni ya kina babu." Gitaa la pili lilipoingia, mmoja wetu aliye shabiki wa benga akaanza kutikisa kichwa bila kujua. Kichwa chake kilihakiki kabla ya mdomo.

Kuhusu albamu ya studio kuna swali ambalo kila msikilizaji lazima ajiulize: wale wageni wa Ulaya walisaidia au waliharibu? Anayesema waliharibu ana hoja. Omutibo ni muziki mwembamba, na uzuri wake uko katika nafasi iliyoachwa kati ya gumba na shahada. Ukijaza nafasi hiyo kwa watu wengi, mwendo utasikika wapi? Anayesema walisaidia naye ana hoja. Gitaa lenyewe lilikuwa mgeni kwetu, na hata chupa ya Fanta haikuzaliwa Bunyore. Kama babu zetu walipokea ala ya kigeni wakaifanya yao, kwa nini Tube na wenzake wasipige na mgeni? Mimi naegemea upande huu wa pili, lakini kwa sharti moja: mwenye nyumba abaki kuwa mwenye nyumba. Gumba likiendelea kuongoza, wageni ni baraka. Likianza kufuata, hapo tembo limetiwa maji.

NYUMBANI JE?

Wengine husema Wakenya waliwapuuza ndugu hawa kwa sababu hatupendi vyetu. Hapana, tusijionee bure. Ukweli una pande mbili.

Baada ya miaka ya 70 nafasi za kurekodi gitaa kavu zilikuwa chache. Watu walitaka gitaa la umeme na dansi la kishindo. Kina Tube hawakukaa kulia. Walishika umeme nao wakarekodi kwa majina mengine, Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band, na nyimbo zao kadhaa zikavuma hapa hapa Kenya. Kwa hivyo mwenyeji alihakiki pia, ila hakuandika. Alihakiki kwa kununua, kwa kucheza arusini, na kwa kuacha kununua mtindo ulipomchosha. Tatizo la uhakiki wa namna hiyo ni kwamba haubaki. Mcheza dansi akizeeka, hukumu yake inazeeka naye. Aliyeandika, maneno yake yako mpaka leo.

NUSU ILIYOBAKI

Sasa nimefika kwenye kiini cha makala yangu. Mhakiki wa London angeweza kusikia gitaa, chupa na sauti tatu. Lakini Kinyore je? Hata akipewa tafsiri fupi kwenye jalada, tafsiri haibebi utani, wala methali, wala lile neno linalosemwa kwa sauti ya chini ili mwenye kujua ajue. Maudhui yalimpita.

Hata sisi Wawanga tunakisikia Kinyore kwa kubahatisha, neno moja linaingia na la pili linapita. Nilimpelekea wimbo mmoja mama jirani aliyeolewa hapa Matungu kutoka Bunyore. Alisikiliza kimya, kisha akacheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha.

"Mama, unacheka nini?" nikamuuliza.

"Mwanangu, huo ni utani wa kwetu," akasema. "Nikikueleza kwa Kiswahili utapoa."

Akarudia wimbo mara ya pili, akacheka pale pale. Kicheko hicho ndicho nusu ya uhakiki ambayo haijaandikwa popote. Na mama huyo ana umri. Akiondoka nacho, hata mtaalamu mwenye vyombo vya aina gani hatakipata tena.

Tusidhani jambo hili ni la Wanyore peke yao. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kumbuka neno haraka. Na hapa kwetu Matungu, matangani, spika kubwa zimechukua nafasi ya wapigaji. Spika si adui, lakini spika haiwezi kukueleza maana ya wimbo. Anayeweza ni mzee aliyekaa kando yake akiziba masikio.

TUFANYE NINI?

Msomaji, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi tuache muziki wa Nigeria au wa Nairobi, hata mimi naupenda. Nasema kazi hii imetusubiri sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu tunayo silaha mbili ambazo mhakiki wa mbali hana: lugha ya mama na lugha ya taifa.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Likizo ya Agosti kila mwanachama atafute mzee mmoja na wimbo mmoja wa zamani, uwe wa gitaa, wa litungu au wa sukuti. Aandike maneno yote kwa lugha ya mzee mwenyewe. Chini yake atie tafsiri ya Kiswahili, kisha aeleze fani na maudhui kama tunavyofanya katika ushairi. Amwulize mzee wimbo uliimbwa wapi, nani alichezeshwa, na nani alikasirika. Na mzee akicheka, aandike alicheka kwenye mstari gani.

Tukipata nyimbo ishirini tu, gazeti la mwaka ujao litakuwa na diwani yake. Wageni walituonyesha kwamba gitaa na chupa vina thamani, tunawashukuru. Wamemaliza sehemu yao. Maneno ni yetu sisi kuyaeleza, na wenye kuyajua bado wapo, ila si wengi, na Agosti haiko mbali.

Mwanachama, Kidato cha Tatu