Safari Fupi ya Tone la Dawa Jichoni
Mgonjwa wa Kalemie, mji wa bandari kwenye Ziwa Tanganyika, anapotia dawa ya macho hupoteza sehemu kubwa yake, kwa kuwa tone moja hubeba takriban maikrolita 30 hadi 50, ilhali utando wa machozi unaofunika jicho una maikrolita 7 hadi 10 tu, na ziada humwagikia shavuni au hupitia mfereji unaoshukia puani. Kuongeza tone la pili papo hapo ni hasara tupu. Dawa nzito hukaa zaidi: pomadi ya tetrasaiklini ya asilimia 1 hutumika dhidi ya trakoma, ugonjwa wa bakteria unaoacha makovu ndani ya kope hadi nywele zake zikwaruze jicho, lakini hufifiza kuona na hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 6, sharti gumu kwa familia nyingi, ndiyo maana kampeni za umma hupendelea azithromaisini ya kumeza, dozi moja, na pomadi ikabakizwa kwa watoto wachanga wasiofikisha miezi 6. Anayetumia matone atie moja tu, afumbe jicho, abane pembe iliyo karibu na pua kwa dakika 2, na asubiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine.