Ernest Mwebaze na kompyuta inayosoma majani ya muhogo

Ernest Mwebaze ni mtaalamu wa kompyuta kutoka Uganda ambaye kwa miaka mingi amefuatilia swali moja: je, picha ya jani iliyopigwa kwa simu inatosha kutambua ugonjwa wa muhogo? Fani ya kuifundisha kompyuta kutambua kilichomo kwenye picha ilikulia katika vyuo na kampuni za nchi tajiri, ikijishughulisha na nyuso za watu, magari na barabara. Mwebaze na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere waliishusha shambani.

Alifundisha Makerere, na mwaka 2014 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Baadaye alifanya kazi katika Pulse Lab Kampala ya Umoja wa Mataifa, kisha katika maabara ya akili bandia ambayo Google ilifungua Accra mwaka 2019, halafu akaongoza Sunbird AI ya Kampala, inayoshughulika pia na lugha za Uganda.

Utafiti wa muhogo ulianza kabla ya shahada hiyo. Mwaka 2010, Mwebaze, Jennifer Aduwo na John Quinn walichapisha kazi yao kuhusu kutambua ugonjwa wa batobato kwa picha. Kuanzia hapo ilikuwa busara, kwa kuwa batobato haujifichi: majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani. Siku hizo mtafiti ndiye aliyeiambia kompyuta itazame nini, rangi au umbo. Miaka michache baadaye ikaenea mitandao ya neva, programu zinazojitafutia zenyewe dalili baada ya kuonyeshwa maelfu ya picha. Ugumu ukahama. Programu hizo zilipatikana bure kwenye intaneti. Kilichokosekana ni picha zenyewe, na mtu anayeujua muhogo wa kuandika kwenye kila picha kuwa huu ni ugonjwa gani.

Kazi hiyo isiyo na sifa ndiyo pengine mchango mkubwa zaidi wa kundi la Makerere. Wakulima wa Uganda walipiga picha nyingi mashambani mwao, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wakazipa majina. Mwaka 2019, na tena mwishoni mwa 2020, picha hizo ziliwekwa wazi kwenye mashindano ya tovuti ya Kaggle, na washindani wa nchi nyingi wakajenga programu za kuzisoma. Washindi wa mashindano ya pili walipatia karibu asilimia 91.

Asilimia hiyo isomwe kwa uangalifu. Katika picha 21,397 za kufundishia, 13,158 zilikuwa za batobato na 2,189 tu za ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia. Programu mvivu inayojibu “batobato” kwa kila picha ingepatia zaidi ya asilimia 61 bila kujua chochote.

Mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, uchache huo wa picha za michirizi una uzito wake. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani tangu zamani. H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga, na kwa miongo mingi ulijulikana zaidi katika nyanda za chini za pwani hadi Msumbiji, kabla ya kuitikisa Uganda katika miaka ya 2000. Mkulima wa Kitaya, kando ya Ruvuma, yuko ndani ya eneo la asili la ugonjwa huo. Nao ni ugonjwa mjanja. Njano hafifu hufuata mishipa ya majani ya chini, yale ambayo mtu hudhani yamezeeka tu. Shina huweza kuwa na michirizi, au lisiwe nayo. Mmea husimama vizuri, na siku ya kuvuna mihogo hukatwa na kukutwa na uozo mkavu wa kahawia, isifae hata kwa makopa. Picha ya jani haiwezi kuona kilicho ardhini.

Jaribio la karibu zaidi na nyumbani ni Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, ambayo picha zake za awali zilipigwa Tanzania. Hufanya kazi bila intaneti, na ina Kiswahili. Utafiti wa Latifa Mrisho na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 uliipa Nuru asilimia 65 ya majibu sahihi. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Usahihi uliongezeka mtumiaji alipopiga picha za majani sita ya mmea mmoja badala ya kutegemea jani moja.

Makerere nayo haikuishia kwenye kutaja ugonjwa. Kundi hilo limefundisha kompyuta kuhesabu inzi weupe, wanaoeneza virusi vya magonjwa yote mawili, na kukadiria ukali wa ugonjwa kwa alama 1 hadi 5 wanazotumia wataalamu wa kilimo. Godliver Owomugisha, aliyefanya utafiti na Mwebaze, alikwenda mbali zaidi: alipima mwanga unaoakisiwa na jani ili ugonjwa ujulikane kabla jicho halijaona dalili.

Virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia havina dawa. Kompyuta ikishasema, kinachobaki ni kung'oa mmea mgonjwa na kutopanda pingili zake, na hata zile za jirani zisipokewe kabla ya kuchimbua na kukata mihogo ya mashina yaliyozitoa. Anayetaka mbegu safi kusini aanzie kwa afisa ugani wa kata, au katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara.