Moshi, Joto na Ukavu: Kuchagua Tanuri la Kubanikia Nyama na Samaki Nyumbani

Utangulizi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Buhemba, mkoani Mara. Siku moja shangazi alinunua sangara wa kubanikwa aliyeletwa kutoka ziwani. Alikuwa samaki wa kupendeza macho: rangi yake ya kahawia ilikoza sawasawa, na harufu ya moshi ilijaa jikoni. Siku ya tatu tulipomvunja tulikuta mnofu una majimaji, na kando ya uti wa mgongo ukungu mweupe umekwisha kuota. Shangazi aliniuliza: "Baba, samaki ameshiba moshi namna hii, mbona ameoza?"

Swali hilo ni la sayansi hasa, na si la shangazi peke yake. Tangu sangara walipoongezeka sana katika Ziwa Viktoria mwanzoni mwa miaka ya 1980, kubanika kumekuwa kazi kubwa kandokando ya ziwa. Dagaa huanikwa juani wakakauka, lakini sangara ni mnene na ana mafuta mengi. Jua pekee halimwezi. Kwa hiyo kuni zinahitajika, na kuni huchomwa na mtu, aghalabu mwanamke, anayekaa saa nyingi karibu na moshi. Samaki akioza baada ya kazi hiyo, hasara ni tatu: chakula, mti na afya.

Katika makala haya tutaeleza kanuni zinazotawala kazi ya kubanika, kisha tutazitumia kupima matanuri ya aina mbalimbali, tangu uchanja wa kienyeji hadi mtambo wa kisasa unaotumia vipunje vya mbao.

Kazi tatu za tanuri

Watu wengi huamini kwamba moshi ndio unaohifadhi chakula. Ukweli ni kwamba tanuri hufanya kazi tatu zilizo tofauti.

Kwanza, joto huua vijidudu. Nyama ya kuku ni salama ikifikia nyuzi 74 za Sentigredi katikati ya mnofu. Nyama ya kusaga nyuzi 71. Pande zima la nyama ya ng'ombe au mbuzi nyuzi 63, kisha liachwe lipumzike kwa dakika 3. Baina ya nyuzi 5 na 60 bakteria wengi huzaana kwa kasi.

Pili, ukavu huzuia vijidudu visirudi. Samaki mbichi ana maji kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake. Maji yakipungua chini ya asilimia 25, bakteria hawawezi kukua. Yakipungua chini ya asilimia 15, hata ukungu hushindwa.

Tatu, moshi hutia rangi, harufu na ladha, na husaidia kidogo kuhifadhi. Lakini moshi hukaa juu tu ya mnofu. Ndani haufiki kwa kiasi cha kutosha.

Sasa jibu la shangazi linaonekana. Samaki wake alipigwa moto mkali mwanzoni. Ngozi ya juu ya mnofu ikakauka upesi na kuwa gumba gumu, nalo likayafungia maji ndani. Nje alikuwa na kazi ya tatu iliyokamilika. Ndani kazi ya pili haikufanyika. Rangi si ushahidi wa ukavu.

Moshi ni nini?

Mti umejengwa hasa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Ukichomwa, maji hutoka kwanza. Hemiselulosi huanza kuvunjika katika nyuzi 200 na kitu, selulosi hufuata, lignini huendelea kuvunjika hata kupita nyuzi 400. Selulosi na hemiselulosi hutoa asidi na kemikali ambazo, zikikutana na protini ya nyama, huleta rangi ya kahawia. Lignini hutoa fenoli, ambazo ndizo asili ya harufu ya moshi. Fenoli pia huchelewesha mafuta kuchacha, na hiyo ni faida kubwa kwa samaki kama sangara.

Hata hivyo moshi una madhara. Moto ukiwa mkali na hewa ikiwa haba, au mafuta ya nyama yakidondokea makaa, hutokea kemikali za jamii ya benzopirini, ambayo imethibitishwa kuwa husababisha saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, haziruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini katika kilo 1 ya nyama au samaki wa kubanikwa. Zaidi ya hayo, moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa.

Hivyo basi, tanuri jema si lile litoalo moshi mwingi. Ni lile litoalo moshi mwepesi, joto linalotawalika, na lisiloruhusu mafuta kudondokea motoni.

Aina za matanuri

Uchanja juu ya moto wazi. Haugharimu kitu, lakini joto jingi hupotea pembeni, mafuta hudondoka motoni, na mbanikaji hupata sehemu kubwa ya moshi.

Pipa la lita 200. Pipa huzuia upepo na kuokoa kuni. Hata hivyo, hapa pana tahadhari inayowahusu hasa wakazi wa sehemu za machimbo kama Buhemba. Katika uchenjuaji wa marudio ya dhahabu hutumika sayanidi, na kuna mapipa yaliyobeba kemikali nyingine au vilainishi. Pipa usilojua lilibeba nini lisitumike kwa chakula, hata likisuguliwa na kuchomwa. Vivyo hivyo, bati jipya lisiwekwe karibu na moto, kwa sababu zinki iliyopakwa juu yake hutoa mvuke wenye sumu ikipata joto kali.

Tanuri la Chorkor. Tanuri hili lilibuniwa Ghana mwanzoni mwa miaka ya 1970, likapewa jina la kijiji cha wavuvi kilicho karibu na Accra. Ni sanduku la udongo au matofali lenye vyumba vya moto chini. Juu yake hupangwa trei za fremu ya mbao na wavu wa waya, moja juu ya nyingine, hata trei zenyewe zikawa ndilo bomba la moshi. Joto lile lile hupita katika trei nyingi kabla ya kutoka. Baadaye, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal, waliongeza sinia la kukingia mafuta na chombo cha pekee cha kuzalisha moshi, ili benzopirini ipungue.

Tanuri la vipunje. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona mtambo huu kwa mara ya kwanza katika ua wa mwenyeji wangu. Asili yake ni jimbo la Oregon, Marekani, ambako Joe Traeger alipata hataza yake mwaka 1986. Vipunje, au peleti, ni vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa katika tundu lenye upana wa milimita 6 hadi 8. Gundi haihitajiki: msukumo na joto hulainisha lignini iliyomo mbaoni, nayo hushikamanisha vumbi.

Vipunje hukaa katika kisanduku pembeni. Parafujo inayozungushwa na mota ndogo huvisukuma kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto, feni hupuliza hewa, na sinia la chuma huzuia mafuta yasiufikie moto. Kipimajoto kilichomo ndani hupeleka habari kwenye kidhibiti: joto likishuka, parafujo hulisha moto zaidi, likizidi, hulisha kidogo. Yaani, mtambo hufanya kwa umeme kile ambacho mbanikaji hodari hufanya kwa jicho na mkono.

Lakini mtambo huu una mipaka. Umeme ukikatika, husimama. Vipunje vikiloa hufumuka na kurudi kuwa vumbi, na huweza kuziba parafujo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ulibuniwa kwa watu wenye jokofu: hupika nyama katika nyuzi 107 hadi 149 na kuitia ladha, lakini haukusudiwi kuikausha. Nyama inayotoka humo ni ya kula, si ya kuweka akiba.

Hesabu ya kuni

Tuchukue kilo 10 za samaki wasio na mafuta mengi, wenye maji asilimia 75. Maji ni kilo 7.5, na mnofu mkavu ni kilo 2.5. Tukitaka maji yabaki asilimia 15, uzito wa mwisho utakuwa 2.5 ÷ 0.85, yaani kilo 2.9 hivi. Maji ya kutolewa ni kilo 7.1.

Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke huhitaji nishati kiasi cha megajuli 2.3. Kwa kilo 7.1 tunahitaji megajuli 16. Tuongeze megajuli 3 za kuwapasha samaki moto. Jumla ni 19. Kilo 1 ya kuni zilizokauka vizuri hutoa megajuli 16 hivi. Kwa hiyo, kinadharia, kilo 1.2 za kuni zingetosha.

Mbanikaji akitumia kilo 12 kwa kazi hiyo, maana yake ni kwamba sehemu 1 tu katika 10 ya mti imefanya kazi. 9 zimepasha hewa. Hesabu hii ndiyo kipimo cha haki cha tanuri lolote, liwe la udongo au la umeme.

Namna ya kuchagua

Mwenye jokofu na umeme wa uhakika, anayetaka nyama laini yenye ladha kwa chakula cha jioni, aweza kununua tanuri la vipunje. Achunguze kama kidhibiti hushikilia joto bila kuyumba, kama chuma ni kinene, na kama vipunje anavyoweza kuvipata vimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Vipunje vya kupashia nyumba joto huweza kuwa na mbao zenye utomvu au mabaki ya rangi.

Anayetaka akiba ya chakula, au biashara, atafaidika zaidi na tanuri la udongo lenye trei. Na asiye na uwezo wa kujenga aanze na mambo mawili yasiyo na gharama: azungushie uchanja wake ukuta wa udongo, na aweke sinia juu ya moto.

Kuni ziwe kavu na za mti mgumu, kama mgunga au mwembe. Zisitumike mbao zilizopakwa rangi au dawa, vipande vya nguzo za umeme, misonobari yenye utomvu, wala mnyaa, ambao maziwa yake ni sumu.

Namna ya kutumia

1. Pasua samaki au nyama katika vipande vyembamba. Mnofu mwembamba hutoa maji upesi.

2. Loweka katika maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita 1, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Kisha chuja na uache uso ukauke.

3. Anza na moto wa pole. Moto mkali mwanzoni hufunga maji ndani, kama tulivyoona.

4. Uso ukishakauka, ongeza joto mpaka katikati ya mnofu pafikie kiwango tulichokitaja. Samaki wakae katika nyuzi 63 au zaidi kwa nusu saa. Tumia kipimajoto, usitegemee rangi, kwa sababu gesi za moshi huweza kuiacha nyama iliyoiva ikiwa nyekundu.

5. Usishangae kipande kikubwa kikisimama karibu na nyuzi 70 kwa saa kadhaa. Maji yanayovukizwa juu yake hukipoza, kama mtungi unavyopoza maji. Usichochee moto kwa pupa.

6. Kwa akiba, punguza moto na uendelee kukausha. Pima uzito kila saa. Kilo 10 zikikaribia 3, na uzito ukiacha kushuka, kazi imekwisha.

7. Acha vipoe kabisa kabla ya kufunga. Chakula kikifungwa kikiwa moto, mvuke hugeuka maji na ukungu hupata makao.

Kazi yote ifanyike nje au katika banda lililo wazi.

Jaribio kwa wanafunzi

Gaweni samaki wa ukubwa mmoja katika mafungu mawili. Fungu la kwanza libanikwe kwa moto mkali, la pili kwa moto wa pole. Pimeni uzito wa samaki na wa kuni, kabla na baada. Chorani mchoro wa uzito dhidi ya muda, kisha kokotoeni ni sehemu gani ya nishati ya kuni iliyotumika kweli. Wekeni vipande kutoka kila fungu kwa siku 5 na mwandike mnayoyaona. Vipande hivyo visiliwe.

Hitimisho

Kabla ya kurudi kazini nilimwachia shangazi mizani ndogo na kipimajoto, nikamweleza habari ya kilo 10 na kilo 3. Alifikiri kidogo akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nanunua rangi." Tangu siku hiyo, samaki akiletwa mlangoni, huvunjwa kwanza mgongoni ndipo bei itajwe.