Kofia ya jiko isiyotoa hewa nje ni pambo tu

Ukiingia jikoni katika nyumba nyingi za kukodisha zilizojengwa miaka ya majuzi mijini, utaona juu ya stovu kifaa cha bati kinachong'aa, chenye feni na taa ndani. Hapa tutakiita kofia ya jiko. Feni ikiwashwa hunguruma, na mpishi huamini kwamba moshi, mvuke na harufu ya vitunguu vimekwenda zake.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza vimekwenda wapi?

Katika nyumba nyingi, jibu ni kwamba havikwenda popote. Kofia imepigiliwa ukutani lakini haina bomba la kutokea nje. Feni huvuta hewa chafu kutoka juu ya sufuria, huipitisha katika chujio, kisha huirudisha jikoni kupitia matundu yaliyo juu au mbele ya kofia. Hewa ile ile iliyotoka kwenye moto ndiyo unayoivuta puani dakika moja baadaye.

Huenda ukasema, "Lakini chujio si lipo?" Ndiyo, lipo, ila kazi yake ina mipaka. Wavu wa chuma hunasa matone ya mafuta. Chujio la pili, ambalo hutengenezwa kwa makaa maalum, hupunguza harufu kwa muda, kisha huchoka na huhitaji kubadilishwa. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalozuia hewa ya kaboni monoksaidi. Mvuke nao hupita, ukaganda ukutani na kuleta kuvu, na kuvu ni adui mkubwa wa mtu mwenye pumu.

Hewa isiyoonekana

Watu wengi huogopa moshi kwa sababu unawasha macho. Lakini kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Hutokea wakati makaa, kuni, mafuta taa au gesi inapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ukiivuta, huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Nguvu yake ya kushikamana ni zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Hivyo basi, mtu anaweza kukosa oksijeni mwilini hali anapumua kama kawaida.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya, wakameza dawa na kujilaza katika chumba kile kile. Jambo la kukutia shaka ni hili: watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje. Mama mjamzito anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu hewa hii humdhuru hata mtoto aliye tumboni.

Gesi ina sifa nzuri, na ni kweli kwamba ni safi kuliko kuni, makaa na mafuta taa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya zilikuwa zikipikia kuni, na karibu robo zilitumia gesi. Anayehama kutoka makaa hadi gesi ameyasaidia mapafu yake. Hata hivyo, moto wa gesi hutoa hewa nyingine iitwayo naitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasha njia za kupumua na kumzidishia mwenye pumu matatizo. Tena, kukaanga samaki au chapati kwa mafuta yaliyopata moto sana hutoa chembe ndogo mno zinazozama ndani ya mapafu, hata kama unatumia stovu ya umeme.

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka wa 2020, watu milioni 3.2 walifariki duniani kutokana na maradhi yanayoletwa na hewa chafu ya majumbani. Miongoni mwao walikuwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Funzo kutoka Kajiado

Usidhani kwamba kutoa moshi nje kunahitaji kifaa ghali. Kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo tangu 2005 huitwa Practical Action, lilishirikiana na akina mama wa Kimaasai katika Kajiado kuweka kofia za bati juu ya meko ya kuni. Kofia hizo hazikuwa na feni. Moshi wa moto hupanda wenyewe. Kofia iliukusanya na bomba likautoa juu ya paa.

Kwa hivyo, kofia ya bati isiyo na umeme lakini yenye njia ya nje inaweza kukufaa kuliko ile inayong'aa na ambayo inazungusha hewa ndani kwa ndani. Kitu cha kwanza kuuliza dukani ni bomba lake litatokea wapi. Bei na taa zije baadaye.

Pima kofia yako leo

Unaweza kujua hali ya kofia yako bila kumwita fundi. Washa feni, kisha shika kipande cha karatasi ya msalani chini ya kofia. Kikivutwa na kunata kwenye wavu, feni inavuta. Sasa pitisha mkono juu na mbele ya kofia. Ukihisi upepo ukikupiga, hewa inarudi ndani. Halafu nenda nje ya ukuta wa jikoni utafute tundu la bomba. Likiwepo, mwambie mtu awashe feni nawe uhisi kama hewa inatoka.

Chungulia pia juu ya kofia. Mafundi wengine huweka bomba fupi linaloishia ndani ya dari, au wakalielekeza kwenye kijia cha ndani ya jengo. Hiyo si njia ya nje. Mafuta yatajikusanya darini na kuwa hatari ya moto, na hewa chafu itamfikia jirani.

Ukiamua kutoboa ukuta

Kofia nyingi zinazozungusha hewa zimeundwa kwa namna mbili, na zina tundu la bomba lililozibwa kwa kifuniko. Soma karatasi ya maelezo kabla ya kununua nyingine. Kama wewe ni mpangaji, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Mweleze kwamba mvuke unaoganda ukutani unaharibu rangi na plasta yake. Huenda hoja hiyo ikamgusa upesi.

Bomba liwe la bati, si la plastiki, kwa sababu litapitisha joto na mafuta. Mafundi wa jua kali wanaweza kulikunja kwa kipimo unachotaka. Upana wake ulingane na tundu la kofia, ambalo mara nyingi ni sentimita 12 na nusu au 15. Ukilipunguza, feni itapiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Liwe fupi na lililonyooka, kwa maana kila kona hupunguza nguvu ya hewa. Liinamishwe kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye sufuria. Maungio yazibwe kwa utepe wa foili unaostahimili joto.

Mdomo wa nje uwe na kifuniko kinachofunguka kwa upepo wa feni na kujifunga feni ikizimwa, ili mvua, panya na ndege wasiingie. Uwe mbali na dirisha lako na la jirani. Kimo cha kofia juu ya jiko la gesi, kwa kawaida, ni kati ya sentimita 65 na 75, lakini fuata maelezo ya kofia yako. Ikiwa chini mno inaweza kushika moto. Ikiwa juu mno moshi utaipita pembeni. Kazi ya umeme mwachie fundi aliyehitimu.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi: hewa inayotoka lazima ibadilishwe na nyingine. Ukifunga mlango na dirisha huku feni ikivuta, jikoni kutakosa hewa. Pengine feni itavuta moshi wa jiko lingine au wa mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ya kuoga na kuuleta ndani. Acha dirisha wazi kidogo, au uwazi chini ya mlango.

Washa feni kabla ya kuwasha moto, na uiache dakika 10 au 15 baada ya kuuzima. Pikia mafiga ya nyuma, ambako kofia huvuta vizuri zaidi. Osha wavu wa mafuta kwa maji moto na sabuni kila mwezi.

Vyumba vidogo na magari

Wale wanaoishi katika chumba kimoja, ambamo kitanda na jiko viko hatua mbili, wana haja kubwa zaidi ya njia ya hewa. Kama huwezi kuweka kofia, pika karibu na dirisha lililo wazi, na uweke tundu lingine upande wa pili ili hewa ipite. Ndivyo ilivyo pia kwa magari ya safari yenye kitanda na jiko ndani. Nafasi ni ndogo, milango imefungwa kwa kuogopa baridi na mbu, na hewa huchafuka upesi. Kofia inayorudisha hewa ndani ya gari haimlindi mtu aliyelala humo. Itobolewe njia ya nje, na tundu la kuingiza hewa safi lisizibwe.

Kuna mambo ambayo kofia haiwezi, hata iwe bora namna gani. Kwanza, haikupi ruhusa ya kulala na jiko la makaa ndani. Miezi ya baridi ya Juni na Julai inapofika, watu huingiza jiko chumbani ili kupata joto. Makaa yaliyokoma kutoa moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi. Yatoe nje kabla ya kulala.

Pili, haiondoi gesi iliyovuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu yake usiwashe feni wala taa, kwani cheche moja yatosha kulipua. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha toka nje.

Tatu, ukimkuta mtu amezirai katika chumba chenye moto, usikae humo kumwuliza maswali. Fungua mlango, mvute nje kwenye hewa safi, na umpeleke hospitalini mara moja. Mwambie daktari kwamba jiko lilikuwa likiwaka. Hili ni muhimu, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni huweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari hali damu imejaa sumu. Daktari akijua, atampa oksijeni mapema.