Kambi ya tamasha la Telluride: Anayekwenda kwa mara ya kwanza ajiandae kwa mlima kabla ya muziki

KILA mwaka mwezi Juni, wakati mchana unapokuwa mrefu kuliko nyakati zote katika nusu ya kaskazini ya dunia, maelfu ya wapenzi wa muziki hukusanyika katika mji mdogo wa Telluride, jimbo la Colorado nchini Marekani, kuhudhuria tamasha la siku nne la muziki wa bluegrass.

Tamasha hilo, ambalo lilianza katika miaka ya mwanzo ya 1970, hufanyika kwenye uwanja wa wazi ndani ya bonde jembamba la safu ya milima ya San Juan. Wengi wa wanaohudhuria hulala kwenye mahema, na kwa baadhi yao hiyo huwa ndiyo mara ya kwanza maishani kupiga kambi.

Muziki wenyewe si mgeni kabisa kwa masikio ya Mwafrika. Banjo, chombo kinachoutambulisha zaidi, asili yake ni Afrika, na kilifika Marekani pamoja na watu waliopelekwa huko utumwani. Mpigaji mashuhuri wa banjo, Béla Fleck, ambaye ametumbuiza Telluride mara nyingi, alisafiri mwaka 2005 katika nchi za Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kuitafuta asili hiyo, na nchini Tanzania alipiga muziki pamoja na msanii Anania Ngoliga. Filamu ya safari hiyo iliitwa Throw Down Your Heart, jina lililotokana na maana inayonasibishwa na mji wa Bagamoyo.

Hata hivyo, mgeni hapaswi kusahaulishwa na utamu wa banjo kwamba yuko mlimani. Telluride ipo takriban mita 2,667 juu ya usawa wa bahari. Huo ni urefu unaokaribiana na ule wa kibanda cha Mandara, ambako wapandaji wa Mlima Kilimanjaro wanaopita njia ya Marangu hulala usiku wao wa kwanza.

Tofauti ni moja. Anayepanda Kilimanjaro hufika Mandara kwa miguu, akiwa na koti zito na kiongozi anayemtazama kila hatua. Anayekwenda kwenye tamasha hufika kwa gari akiwa amevaa fulana na makubazi, na jioni hiyo hiyo huanza kucheza muziki. Matatizo mengi ya wageni huanzia hapo.

Siku ya kwanza ni ya kupumzika

Katika urefu huo, mgandamizo wa hewa hupungua hadi chini kidogo ya robo tatu ya ule wa pwani. Kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, hivyo moyo huenda mbio na mtu huhema zaidi hata kwa kazi ndogo kama kubeba begi.

Ugonjwa wa mlimani huweza kumpata mtu yeyote anayepanda haraka kupita mita 2,500, awe kijana au mzee, mwanamichezo au mvivu. Dalili zake hujitokeza saa chache baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Wengi hudhani ni uchovu wa safari au matokeo ya pombe.

Madaktari hushauri mambo manne: kupanda kwa hatua, kupumzika siku ya kwanza, kunywa maji ya kutosha na kuepuka pombe hadi mwili uzoee. Anayetoka mji wa pwani anaweza kulala usiku mmoja au miwili katika jiji la Denver, ambalo lipo takriban mita 1,600, kabla ya kuanza safari ya barabara ya saa sita hadi saba.

Aidha, mgeni hana sababu ya kukimbilia vigari vinavyoning'inia kwenye waya siku ya kwanza. Vigari hivyo, vilivyoanza kazi mwaka 1996, huvuka mgongo wa mlima kwa zaidi ya mita 3,200 kuelekea mji jirani wa Mountain Village. Mandhari yake ni ya kuvutia, lakini yatakuwapo hata siku ya tatu.

Mwenye dalili ndogo apumzike na asiende juu zaidi. Akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa amekaa tu, hiyo ni dharura: apelekwe kwa wahudumu wa afya mara moja na ateremshwe.

Lipo jambo jingine linalowahusu zaidi watu wenye asili ya Afrika. Mwenye ugonjwa wa selimundu anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kukata tiketi ya safari kama hii, kwa kuwa upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali. Hata aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, anaweza kudhurika bandama akiwa mlimani. Maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, yasipuuzwe.

Baridi hutoka chini

Mchana wa Juni mjini Telluride joto hufikia nyuzi 24 za Selsiasi. Usiku hushuka hadi karibu nyuzi 4, na wakati mwingine chini ya hapo. Jua likishazama nyuma ya majabali, mabadiliko huja haraka kuliko mgeni anavyotarajia.

Kosa la kawaida ni kubeba mablanketi mengi ya kujifunika na kusahau ya kutandika. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na godoro la kujaza upepo peke yake halizuii baridi. Sponji au mkeka mzito chini ya mwili husaidia kuliko blanketi la tatu juu yake. Begi la kulalia liwe limetengenezwa kwa ajili ya baridi inayokaribia nyuzi sifuri.

Nguo za pamba hukaa na unyevu na kuuchukua mwili joto. Ni vyema kuwa na nguo za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka, kofia ya sufu, soksi za ziada na koti la mvua. Aliyecheza muziki hadi akalowa jasho abadili nguo zote kabla ya kulala.

Hema nalo lisifunguliwe kwa mara ya kwanza siku ya tamasha. Mwenye hema jipya alisimamishe nyumbani angalau mara moja, ahesabu vigingi na kamba, kisha alimwagie maji kuona panapovuja. Kambini, achague mahali palipoinuka kidogo, kwa kuwa bonde dogo linalopendeza mchana huwa dimbwi mvua inaponyesha.

Radi haina subira

Katika milima ya Colorado, mawingu ya mvua hujikusanya mara nyingi baada ya saa sita mchana. Hema halimkingi mtu na radi, wala mti mrefu uliosimama peke yake. Mahali salama ni ndani ya jengo imara au ndani ya gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa.

Kipimo chake ni rahisi. Mtu akiona mmweko ahesabu hadi asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilometa moja, na hesabu isiyofika 30 inamaanisha radi iko karibu kiasi cha kudhuru. Baada ya ngurumo ya mwisho, inafaa kusubiri dakika 30 kabla ya kurudi uwanjani, hata kama bendi imeshaanza kujaribu vyombo.

Jua pia lina hila yake. Nguvu ya miali inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, na ubaridi wa hewa humfanya mtu asihisi anaungua. Wapenzi wa tamasha hilo huamka mapema kutandika maturubai yao mbele ya jukwaa na kukaa hapo kutwa nzima. Kofia pana, miwani ya jua na losheni ya kukinga jua ni muhimu kwa kila ngozi, nyeusi kwa nyeupe.

Chakula, dubu na jiko

Mlimani maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Telluride huchemka karibu nyuzi 91, hivyo maharage makavu yanaweza kumaliza mtungi wa gesi bila kuiva. Busara ni kubeba vyakula vilivyokwisha kupikwa au vinavyoiva upesi.

Milima hiyo ni makazi ya dubu weusi, ambao pua zao ni kali mno. Chakula, takataka, hata dawa ya meno na sabuni yenye harufu, visiwekwe ndani ya hema. Vihifadhiwe kwenye makasha maalumu yasiyofunguliwa na dubu au ndani ya gari lililofungwa kwa ufunguo, kwani dubu hujua kufungua mlango usiofungwa.

Kiangazi kinapokuwa kikali, mamlaka za Colorado hupiga marufuku moto wa kuni na mkaa. Mgeni aulize amri iliyopo kabla ya kuwasha kiberiti, maana cheche moja inaweza kuteketeza msitu mzima.

Na baridi iwe kali kiasi gani, jiko la mkaa au la gesi lisiingizwe ndani ya hema. Hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na humuua mtu akiwa usingizini. Ni sumu ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika vyumba vilivyofungwa.

Kuishi na majirani

Nafasi za kambi huwa chache na huisha mapema, kwa hiyo mahema husongamana. Tochi ya kuvaa kichwani humzuia mtu kujikwaa kwenye kamba za jirani, na vizibo vya masikio humwezesha kulala wakati wengine bado wanapiga fidla usiku wa manane. Anayeondoka abebe taka zake zote.

Orodha hii isimtishe mtu. Mpigaji wa mandolini Sam Bush amekuwa akipanda jukwaa hilo tangu mwaka 1975, na wapo wasikilizaji wanaorudi kila mwaka. Wanachokijua wao ni kile ambacho viongozi wa wapandaji wa Kilimanjaro humwambia kila mgeni hatua kwa hatua, bila kuchoka: pole pole. Anayeupa mlima siku yake ya kwanza hubakiwa na siku tatu nzima za muziki.