Kufundisha Nyuzi na Michakato Bila Kompyuta

Wanachuo huuliza mara nyingi: programu yenye kazi nyingi za kufanya kwa wakati mmoja, ni heri izigawe kwa nyuzi au kwa michakato mbalimbali? Mtoto wa shule ya msingi hatalielewa jibu kwa kusomewa maana ya maneno hayo. Yafaa alione kwa macho.

Hapa Iyula, wilayani Mbozi, kila mtoto anaijua kahawa. Mwalimu na aandike ubaoni: madebe 40. Kisha awaite watoto wawili, kila mmoja akiwa amepokea debe moja kutoka kwa mkulima wake. Wote wausome ubao kwa pamoja, wajumlishe moja kichwani, ndipo waandike. Wa kwanza ataandika 41. Wa pili, naye aliyekwisha kusoma 40, atafuta na kuandika 41 vilevile. Yamepokelewa madebe mawili, limeandikwa moja. Nilipolifanya zoezi hili na darasa la tano, mtoto mmoja aliniuliza, “Mwalimu, na yule mkulima nani atamlipa?” Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Watoto hao ni nyuzi: wamo ndani ya programu moja na hutumia kumbukumbu moja, yaani ubao. Dawa yake ni kufuli. Chaki iwe moja, na asiye nayo hata kusoma asisome. Hesabu itakuwa sahihi, ila wangojao chaki hawafanyi kazi.

Sasa kila mtoto apewe daftari na kona yake. Hao ni michakato. Hakuna awezaye kuifuta hesabu ya mwenzake, na mmoja akianguka wengine huendelea. Ndiyo sababu kivinjari cha Chrome, kilipotolewa mwaka 2008, kilizitenga kurasa katika michakato mbalimbali. Gharama yake ni madaftari mengi, na jumla haipatikani mpaka wapelekeane karatasi.

Basi, kazi ya kungoja, kama kupokea data za mtandao, nyuzi zaitosha. Hesabu nzito katika lugha ya Python huhitaji michakato, kwa kuwa Python ya kawaida ina kufuli kuu liruhusulo uzi mmoja tu kutenda kwa wakati mmoja. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilileta namna ya kuliondoa, tena kwa majaribio.

Mwalimu asiwadokezee watoto kwamba debe litapotea. Awaache waandike kwanza.